Shajara: kusomea kozi ya kompyuta nyumbani Manyatta, na laptopu ya elfu kumi na sita

Jumamosi, 18 Januari 2025

Nimeamua kuandika hii kitu kadri ninavyoenda kwa sababu nilitafuta mahali mtu ameandika vile alisoma kozi kama hii akiwa nyumbani nikakosa, nilipata tu matangazo ya vyuo na yote yanasema ni rahisi. Mimi ni fundi wa nguo, niko na cherehani mbili na kibanda soko la Kibuye, na ni katibu wa chama cha akina mama ishirini na wanne hapa Manyatta, Kisumu. Daftari letu la michango limefutwa kwa wino mweupe mpaka kurasa zimekauka kama mandazi ya juzi. Mama mwenyekiti alisema mwaka huu lazima hesabu ziingie kwa kompyuta, na mwenye kushika kalamu ndiye mwenye mzigo, basi ni mimi.

Kozi ni ya wanaoanza kabisa. Chuo kiko Nairobi lakini kila kitu ni mtandaoni, video, maswali, asaimenti mpaka mtihani. Unaanza na sehemu za kompyuta, halafu Windows na mafaili, intaneti na barua pepe, kuandika, kupiga hesabu kwa jedwali, unamaliza na slaidi. Karo ni 7,500, nusu sasa nusu Machi.

Laptopu nimepata ya mitumba, kutoka Uingereza wanavyosema, muuzaji alianza 19,000 tukashukishana hadi 16,000. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, ni gigabaiti 4, diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, gigabaiti 500. Kosa langu la kwanza hata kozi haijaanza: dukani ilikuwa imechomekwa kwa stima, ikawaka vizuri, nikalipa. Kufika nyumbani natoa waya ikazima hapo hapo, hiyo betri ni pambo. Ukienda kununua chomoa chaja, piga na muuzaji stori ya siasa yoyote unayotaka nusu saa nzima, ikiwa bado inawaka ndio utoe pesa.

Na kuwaka kwenyewe ni dakika sita, nimepima na simu. Fundi anasema shida ni diski, niweke SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Ngoja kwanza.

Jumatatu, 27 Januari 2025

Nilinunua data ya wiki nzima Ijumaa, Jumapili asubuhi imeisha. Nilikuwa nimetazama video mbili tu za mwalimu. Nikadhani mtoto ameingia kwa simu yangu usiku, nikamgombeza bure, pole yake.

Kumbe ni laptopu yenyewe. Ukiiunganisha na hotspoti ya simu haijui kwamba unanunua data kwa kijiko, inaona ni Wi-Fi tu kama ya ofisi ya mtu, inaanza kuvuta apdeti za Windows kimya kimya nyuma ya video yako. Dawa iko hivi: ingia Settings, Network & Internet, Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti yako, washa pale wameandika "Set as metered connection". Hapo inatulia. Ukibadilisha simu au jina la hotspoti unarudia, kwa sababu hiyo ni mtandao mpya machoni pake.

Lakini apdeti usizikatae milele. Hii laptopu ni Windows 10, na Microsoft wametangaza kwamba baada ya 14 Oktoba 2025 hawatatoa tena apdeti za bure za usalama kwa hiyo Windows, na ya 11 haikubali mashine ya umri wa hii yangu. Kwa hivyo mara moja kwa mwezi ninaibeba mpaka kwa shemeji Milimani, ana Wi-Fi, tunakunywa chai inajishibisha.

Shida ingine wiki hiyo hiyo: ile Word ya kuandikia na Excel ya jedwali aliyoniwekea muuzaji ilifanya kazi siku tisa halafu ikaleta mstari mwekundu juu, haikubali kuandika hata herufi moja. Ilikuwa ya kuibwa, ukweli usemwe. Nikashukisha LibreOffice, inafanya kazi hizo hizo, ni bure na ni halali, kama megabaiti 350. Mwalimu anataka mafaili ya docx na xlsx, yaani ya Word na Excel, kwa hivyo wakati wa kuseva unachagua aina hiyo kwa mkono, ukisahau inaseva odt, aina yake yenyewe, na yeye akifungua anakurudishia.

SSD nimeweka. Gigabaiti 256, pamoja na mkono wa fundi 3,500. Sasa inawaka sekunde ishirini na kitu. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiyo kabla ya mausi, kabla ya begi, kabla ya yote.

Jumatano, 12 Februari 2025

Hii ndio imeniuma.

Asaimenti ya kwanza ilikuwa mbili kwa moja, kupanga folda na kueleza tofauti ya RAM na diski. Ya pili niliipenda sana. Niliandika kwamba diski ni kabati la vitambaa na RAM ni meza ya kukatia: kitambaa hukikati ndani ya kabati, lazima ukitoe ukiweke mezani, na meza ikiwa ndogo utakuwa unakunja na kukunjua siku nzima, ndio maana mashine yenye RAM kidogo inakokota ukifungua vitu vingi. Na mtu akizima stima, vya mezani vyote vinapeperuka, vya kabatini vinabaki. Nilimaliza Jumanne saa tatu usiku, nikasema nitaipitia kesho nikiwa na akili mpya, maana skrini ilikuwa imeandika dedlaini: Wednesday, 12 February 2025, 12:00 AM. Jumatano saa sita usiku. Niko na Jumatano yote.

Leo asubuhi saa mbili nafungua, nyekundu. Nimechelewa saa nane.

12:00 AM ni mwanzo wa hiyo Jumatano, si mwisho wake. Yaani ni ule usiku niliolala. Nimeketi hapo nimeshika kikombe cha chai mpaka ikapoa. Mchana nikamweleza mama mmoja wa Kaloleni ninayemshonea madera, yeye ni mtu wa Mombasa, akacheka sana akaniambia huyo mzungu wa kompyuta anahesabu kama wao, maana kwao usiku unatangulia mchana, ukisema usiku wa Jumatano ni jua la Jumanne likishazama. Yeye angetuma kwa wakati. Mimi niliyesoma mpaka fomu foo ndio nimechelewa.

Mwalimu nilimwandikia kwa heshima, sikuleta hadithi ya mgonjwa, akakubali kazi akanikata alama mbili. Nimepata 15 kwa 20.

Siku hizi kila dedlaini naiandika ukutani juu ya cherehani kwa Kiswahili changu: "Jumanne, kabla sijalala". Na alamu ya simu inalia saa mbili usiku. Kitu kingine cha kuangalia: ukishapandisha faili kuna kitufe kingine cha kubonyeza ndio itumwe kweli, bila hicho inakaa imeandikwa "Draft" na wewe unalala ukidhani umemaliza. Hiyo nilishika mapema, kwa bahati.

Jumamosi, 1 Machi 2025

Kuandika barua, kuweka jedwali, kuhesabu kurasa, haya yote yamepita bila vita. Kuchapa kwa vidole kumi bado, niko na vinne. La maana nililojifunza ni kwamba vichwa vya habari usivikuze kwa kubonyeza herufi nzito na saizi kubwa kama nilivyozoea, unachagua Heading 1 na Heading 2, halafu orodha ya yaliyomo inajitengeneza yenyewe na kurasa zake. Na ukitaka ukurasa mpya ni Ctrl na Enter, si kugonga Enter mara thelathini. Nilikuwa nagonga Enter mara thelathini.

Sasa balaa ya flashi. Nilienda saiba kuprinti kazi, bob kumi kila ukurasa, nikarudi nyumbani nachomeka flashi kwa laptopu, kila folda imegeuka kuwa na kale kamshale kadogo kwenye kona, ukifungua inaleta ujumbe hauelewi. Kazi ya wiki sita, na picha za mitindo ya nguo za wateja. Nilikuwa karibu kuifuta yote nianze upya, kidole kilikuwa tayari kwa kitufe.

Usifute. Kijana wa saiba ingine, mpole sana, alinionyesha kwamba mafaili yapo, virusi vimeyaficha tu na kuweka mishale bandia juu yake. Kwanza ukague flashi na laptopu kwa antivirusi, ile iliyokuja na Windows inatosha, usibonyeze hiyo mishale hata moja. Halafu fungua Command Prompt, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, uandike hivi, E ukiibadilisha na herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Unagonga Enter, unangoja, folda zinatokea moja moja kama kuku jioni. Baada ya hapo mishale ndio unafuta. Na mjue, kitu ukikifuta kwa flashi hakiendi lile pipa la taka la kwenye skrini, kimeenda, ndio maana nasema usifute kwa hasira. Kijana alikataa pesa, nikamkazia suruali mbili bure.

Sasa saiba natuma kwa barua pepe, naifungua huko, naprinti, natoka kwa akaunti. Hiyo ya kutoka kwa akaunti msisahau tafadhali.

Jumamosi, 22 Machi 2025

Tumeingia kwa jedwali. Mwalimu anafundisha Excel, mimi naifanya kwa Calc ya LibreOffice, tofauti ni ndogo. Hapa ndipo nilitaka kufika tangu Januari kwa hivyo badala ya kutumia mfano wa mwalimu wa kampuni ya kuuza baiskeli, nikaanza kuingiza daftari la chama lenyewe. Majina, simu, tarehe, mchango wa 200 kila wiki.

Namba za simu zote zilipoteza sifuri ya mbele. Unaandika 07 na kuendelea, unagonga Enter, inabaki 7. Kompyuta inaona hiyo ni hesabu, na kwa hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Niliandika upya watu kumi na mmoja nikidhani ni vidole vyangu. Dawa: kabla ya kuandika chochote chagua safu yote, Format Cells, Text. Au weka alama ya ' mbele ya namba.

Hiyo ilikuwa utani ukilinganisha na tarehe. Niliingiza michango ya tangu Januari nikapanga kwa tarehe, ikanionyesha mama mmoja amelipa Desemba 2025. Desemba ambayo haijafika! Mwingine alikuwa mwisho kabisa baada ya wote, bila mpangilio. Nilikaa nayo siku mbili, nikaangalia fomula ambazo hata hazikuwa na makosa. Jioni ya pili nikaona kitu kwa macho tu, kama unavyoona mshono umepinda: tarehe zingine zimeegemea kulia kwa kisanduku, zingine kushoto.

Ni hivi. Muuzaji aliweka Windows akaiacha na mpangilio wa Marekani, ambako mwezi unatangulia siku. Mimi naandika 12/2/2025 yaani Februari 12, kompyuta inasoma mwezi wa 12, siku ya 2. Hapo ndipo Desemba ilitoka. Nikiandika 15/2/2025 inatafuta mwezi wa kumi na tano inakosa, basi inaiacha kama maneno tu, na maneno yanaegemea kushoto. Kwa hivyo nusu ya tarehe zilikuwa za uongo na nusu hazikuwa tarehe. Zile za kushoto afadhali, unaziona. Za kulia ndizo zinaonekana safi na ni za uongo.

Nilibadilisha kwa Tools, Options, Language Settings, pale Locale nikaweka English (UK), na kwa Windows yenyewe kwenye Region pia. Lakini inasaidia za kuanzia leo tu, zile zilizoshaingia vibaya zinabaki vibaya. Niliandika upya tarehe 41 kwa mkono, mshumaa ukiwaka kwa sababu stima nayo ilikuwa imeenda na betri mnajua habari yake, ah, hapana, niliandika kwa karatasi kwanza halafu asubuhi nikaingiza. Kabla ya kuingiza chochote andika 25/12/2025 kwa seli moja tupu, yaani kisanduku kimoja, ikienda kulia uko sawa, ikibaki kushoto rekebisha kwanza.

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Leo tulikuwa na mkutano na nimeaibika kidogo lakini tulicheka.

Chama kinatoza riba ya asilimia 10 kwa mkopo. Mikopo iko safu ya C, riba nikaiweka mahali pamoja tu, seli H1, ili siku tukiibadilisha nisibadilishe kila mahali, wazo zuri kabisa la mwalimu. Kwa mtu wa kwanza nikaandika =C2*H1, ikatoka sawa, nikaivuta chini mpaka mtu wa mwisho. Sikuangalia. Niliprinti nikaenda.

Nikaanza kusoma kwa sauti. Mama mwenyekiti, mkopo 8,000, riba 800. Anayefuata, mkopo 5,000, riba sifuri. Anayefuata, sifuri. Kimya. Wa nne akasema kwa sauti ya chini, Mungu ameiona chama hii. Mwenyekiti peke yake ndiye alikuwa na riba, chama nzima wengine bure, akaniangalia juu ya miwani akauliza, "Katibu, hii kompyuta imenikosea nini?"

Ukivuta fomula chini, kila kitu ndani yake kinashuka pia. C2 ikawa C3, vizuri, lakini H1 nayo ikawa H2, na H2 ni tupu, na mkopo wowote mara tupu ni sifuri. Inatakiwa uifunge H1 kwa msumari: =C2*$H$1. Alama ya dola mbele ya herufi na mbele ya namba, hapo haisongi. Badala ya kuandika dola unaweza kubonyeza F4 ukiwa kwa hiyo H1, kwangu F4 peke yake inafanya mambo mengine ya kibodi kwa hivyo nashika Fn pamoja nayo.

Tangu leo nikivuta fomula lazima niangalie wa pili na wa mwisho kwa kalamu. Wa kwanza huwa sawa siku zote, ndiye anayekudanganya.

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Slaidi sina mengi. Nilifanya kumi juu ya kupima nguo ya shule, mwalimu akasema maneno ni mengi, ni kweli.

Shida ni mvua. Hii miezi ya masika Kisumu jioni mawingu yanajikusanya ziwani, radi moja mbili, stima imeenda, na mimi nasoma jioni nikitoka Kibuye. Kazi moja ya slaidi ilipotea nusu kwa sababu sikuseva, na ni mimi niliyeandika kwa fahari juu ya meza na kabati. Nikanunua pawabenki kubwa, 20,000 mAh, 2,500, ili ibebe laptopu. Haikuiwasha hata taa. Laptopu yangu inataka volti 20 kupitia tundu lake la duara na pawabenki inatoa 5 kwa USB, ni kama kutaka kuendesha posho mill na betri ya tochi. Kuna za kuwasha laptopu lakini si hii na si bei hii. Jirani wa bodaboda ameinunua 1,800.

Mwishowe nikafanya nilichotakiwa kufanya Januari, betri mpya, 3,800. Inakaa saa mbili na kitu. Nazima mwangaza wa skrini mpaka chini na simu naichaji mchana kibandani ili hotspoti isife.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Mtihani ulikuwa Jumatano, dakika 60, maswali 40. Swali la 23 stima ikaenda. Betri ikashika, hotspoti ikayumba kidogo ukurasa ukajifungua upya, moyo ulikuwa mdomoni, lakini majibu ya nyuma yote yalikuwepo kwa sababu mfumo unayaseva wenyewe. Saa ndio haisimami, kwa hivyo usipige simu kulalamika, endelea. Jumla ya kozi nimepata 71.

Gharama, kwa wenye wanataka kujua kabla ya kuanza: laptopu 16,000, SSD na fundi 3,500, betri 3,800, hasara ya pawabenki 700, karo 7,500, data miezi yote 5,200, saiba 640, flashi mpya na daftari 700. Niliziweka kwa jedwali bila shaka, nikapiga SUM, ile fomula ya kujumlisha, ikaniambia 22,040. Nikafurahi nusu dakika. Halafu nikaona 16,000 imeegemea kushoto. Nilikuwa nimeiandika 16,000/- kama kwa risiti, na ile /- imeifanya maneno, na SUM maneno inayaruka bila kukuambia. Nikatoa mkia, ikawa 38,040.

Faili ya chama nimeitoa majina na simu, imebaki vichwa na fomula, ninawapa akina mama wa vyama vingine viwili vya hapa karibu ambao wameshaniomba. Mkiichukua jazeni riba yenu pale H1. Safu ya simu tayari ni Text, msiibadilishe.